Muhammed Said Abdulla, Baba wa Bwana Msa

Wazazi wengi wakimwona mtoto wao ameinamia kitabu cha upelelezi humwambia, "Weka upuuzi huo, soma vitabu vyako." Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilivisoma vitabu vya namna hiyo kwa muda wa miaka miwili kama mtu alaye karanga: mkono hauachi kwenda, na mwisho yakabaki maganda tu. Katika makala haya nakusudia kueleza maisha na kazi ya mtu aliyeifungulia njia hadithi ya upelelezi katika Kiswahili, Bwana Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Nakusudia pia kuonyesha kwamba ndani ya hadithi zake mna somo ambalo sisi wanafunzi, na hasa sisi watu wa visiwani, tunalihitaji sana. Somo lenyewe ni hili: usimtaje mkosa kabla ya kuuliza. Kulitamka ni jambo jepesi, lakini kujifunza kwangu kulimwumiza mwenzangu, kama nitakavyosimulia mbele.

1. Maisha yake

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Alimaliza masomo yake mwaka 1938, akaingia kazini katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi, yaani mtu ambaye wazee wetu humwita Bwana Afya. Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa miaka kumi. Mwaka 1948 aliiacha akaingia katika kazi ya magazeti. Kwanza alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo la Zanzibar, akadumu nalo hata alipostaafu mwaka 1968. Alifariki dunia mwaka 1991.

Msomaji aweza kusema, "Haya ni maisha ya karani, upelelezi uko wapi?" Na tuzitazame vizuri kazi hizo tatu.

Bwana Afya akiingia katika mji wenye maradhi, haridhiki na kuambiwa kwamba watu wamerogwa. Yeye huuliza: Nani aliyeugua kwanza? Siku gani? Maji yanatoka kisima gani? Kisha huenda akakitazama kisima chenyewe kwa macho yake. Mtu wa gazeti naye akiletewa habari, hawezi kuipiga chapa mpaka ajue nani amefanya nini, wapi, lini na kwa sababu gani. Na mhariri wa gazeti la wakulima huwafundisha wasomaji wake kwamba mnazi ukikauka, huenda si kijicho cha jirani. Pengine ni ardhi, pengine ni jua, pengine ni dudu lililotoboa kilele. Basi mimi naona kwamba mtu aliyepitia kazi hizo tatu, kila moja ikimfundisha kuuliza, hapana ajabu kwamba aliposhika kalamu ya hadithi alimwandika mtu ambaye kazi yake ni kuuliza.

2. Kitabu cha kwanza

Mwaka 1957 hadi 1958 East African Literature Bureau ilifanya mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili. Hadithi iliyopata zawadi ya kwanza ilikuwa ya Muhammed Said Abdulla, nayo ikapigwa chapa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale.

Ili tufahamu upya wa kitabu hiki, yafaa tukumbuke hadithi zilizosifika siku hizo. Mwandishi aliyetajwa kuliko wote alikuwa Shaaban Robert, ambaye Kusadikika kilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Katika vitabu hivyo mna nchi isiyopatikana katika ramani, mna majini, mna ndugu waliogeuzwa manyani. Ni vitabu vyenye hekima kubwa, lakini msomaji wake haulizi, "Jambo hili limewezekanaje?" Anauliza tu, "Linanifundisha nini?" Muhammed Said Abdulla alishika njia nyingine. Aliiweka hadithi yake mahali ambapo msomaji angeweza kwenda kwa miguu: kwenye mashamba, barabara, vibaraza na nyumba za watu wa Unguja. Kisha akaweka katikati yake jambo linaloonekana kuwa la ajabu, akamtaka msomaji aulize swali lile la kwanza: limewezekanaje?

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, anakutwa amekufa mahali panapoitwa Mzimu wa Watu wa Kale, mahali ambapo watu wanapaogopa. Kwa wengi jibu ni tayari: mzimu umemwua. Bwana Msa peke yake ndiye anayekataa kupokea jibu hilo kabla halijapimwa. Muuaji sitamtaja, maana nitakuwa nimewaibia wenzangu ambao hawajakisoma.

Sisi wa Mafia hatuhitaji kuelezwa maana ya mahali kama hapo. Tunavuka kwenda Juani tukaona magofu ya Kua, misikiti yake, makaburi yake na jumba la watawala, mizizi imekumbatia kuta. Tangu utotoni tumesikia hadithi ya Kua na Kisimani. Husimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi kubwa, wakawaalika watu wa Kua karamuni, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani na kulishusha jahazi baharini juu ya miili yao. Watu wa Kua wakanyamaza. Baada ya miaka saba au minane wakawaalika watu wa Kisimani kwenye harusi, katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu wa kuwazungumza wageni, kisha mlango ukazibwa. Nani kati yetu hajaogopa kupita kwenye magofu yale jua likishatua?

Basi fikirini: mtu mwovu akitaka kuficha maovu yake, ni pazia gani lililo zuri kuliko hofu hiyo? Mahali penye mzimu hapana anayekwenda kuchungulia. Atakayeona damu atakimbia, na mtoto atakayetaka kusema ameona nyayo za mtu ataambiwa anyamaze asije akawaudhi wenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo Bwana Abdulla alilitambua. Hakuandika kitabu cha kuwacheka wazee na imani zao. Aliandika kuonyesha kwamba pale penye hofu kubwa ndipo binadamu aweza kujificha kwa raha.

3. Bwana Msa ni nani?

Bwana Msa si askari wala si ofisa wa serikali. Ni raia mwenye kiko mdomoni na subira nyingi, ambaye watu humletea mambo yaliyowashinda. Hana bunduki. Silaha yake ni kusikiliza, kisha kuuliza swali dogo ambalo wengine wameliona ni la kijinga. Jina lake nalo lina mchezo. Mwandishi ni Muhammed Said Abdulla: chukua herufi ya kwanza ya kila jina, utapata M, S, A. Mimi nilisoma vitabu vitatu kabla ya kuliona jambo hilo, na hapo nikajua kwamba mimi si mpelelezi hodari.

Rafiki yake Bwana Msa anaitwa Najum. Huyu ni mtu mwema, mwepesi wa maneno na mwepesi wa kukata shauri. Yale anayoyaona Bwana Msa, Najum naye anayaona, lakini Najum hufika mwisho kabla ya kutembea njia. Wanafunzi wengi humcheka. Mimi naona mwandishi amemweka Najum makusudi awe badala yetu sisi wasomaji. Tunapomcheka, yafaa tuangalie tusije tukawa tunajicheka wenyewe.

Watu waliosoma vitabu vya Kiingereza watasema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Neno hili lina ukweli. Edgar Allan Poe wa Marekani aliandika hadithi ya namna hii mwaka 1841, nayo ni The Murders in the Rue Morgue. Na Arthur Conan Doyle wa Uingereza alimleta Sherlock Holmes mwaka 1887 katika A Study in Scarlet. Holmes ana kiko, na ana rafiki, Daktari Watson, anayestaajabu kila mara. Hata kisa cha hofu ya kale kimo kwa Doyle: katika The Hound of the Baskervilles, kitabu cha mwaka 1902, watu wanaogopa mbwa wa kishetani, na mwisho inabainika kwamba ni mbwa wa kweli aliyetumiwa na mtu mwenye tamaa ya urithi.

Lakini kuazima si kuiba. Tanga ni la kuazima. Upepo, maji na nahodha ni vya kwetu. Holmes hutambua mambo kwa majivu ya sigara na udongo wa mitaa ya London. Bwana Msa hutambua mambo kwa kuwajua watu: namna wanavyojibu salamu, namna wanavyokwepa jina fulani, nani hakufika matangani na kwa nini. Siri zake aghalabu ni siri za ukoo: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani, nani atarithi nini. Waswahili husema siri ya mtungi muulize kata, na Bwana Msa ni mtu anayejua kuitafuta kata.

4. Vitabu vyake vingine

Baada ya Mzimu wa Watu wa Kale, vitabu vya Bwana Msa vilivyofuata ni hivi: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kwa hiyo kutoka kitabu cha kwanza hadi hiki cha mwaka 1984 ni miaka 24, nacho kitabu cha pili kilitoka mwaka uleule aliostaafu.

Tazameni majina hayo. Giningi, katika mazungumzo ya watu wa Zanzibar, ni makao ya wachawi yasiyoonekana kwa macho ya kawaida. Kwa hiyo katika vitabu viwili vya mwanzo mwandishi ameanza na mahali pa kuogopwa, mara ya kwanza mzimu, mara ya pili kisima. Baadaye majina yanatoka katika mizimu na kuingia kwa watu: duniani kuna watu, mke na waume, mwana. Mimi nayasoma majina haya kama safari moja. Kwanza unaondoa pazia la hofu. Ukishaliondoa, unamkuta binadamu, na binadamu huyo ndiye fumbo lenyewe. Na jina la kitabu kile cha mwaka 1984 lanipendeza kuliko yote. Mwandishi aliyemlea shujaa wake kwa miaka mingi hakuona haya kuweka neno "kosa" mbele ya jina lake juu ya jalada.

Lugha yake ni Kiswahili cha Unguja, na utamu wake uko katika mazungumzo. Watu wake hutaniana, huapa, hukatizana maneno, kama vile wanavyosema barazani. Anayetaka kuionja asome kwa sauti, na bora wawe wawili, mmoja awe Bwana Msa, mwingine Najum. Sisi tulifanya hivyo bwenini, na hata wale wasiopenda vitabu walikaa kusikiliza.

Haifai kumsifu mtu bila kutaja upungufu. Mara nyingine mambo hufumuliwa mwishoni kwa maelezo marefu, Bwana Msa akizungumza na wengine wakisikiliza tu. Tena pengine Bwana Msa anajua jambo ambalo sisi hatukuonyeshwa, na msomaji anayeshindana naye huona amefanyiwa hila. Makosa haya yapo, lakini hayaharibu chakula.

Waliomfuata walishika njia mbalimbali. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na mtu wake, Willy Gamba, ni jasusi wa kusafiri na kupigana. Ben Mtobwa naye alimleta Joram Kiango. Vitabu hivyo vina mbio na risasi, na wanafunzi wengi huvipenda zaidi. Mimi pia navipenda. Lakini nikifunga kitabu cha Willy Gamba natamani kuwa na nguvu, na nikifunga kitabu cha Bwana Msa naona haya kwa mambo niliyoyaamini bila kuuliza.

5. Kitabu kilichong'oka kurasa

Sasa nitasimulia yaliyonipata, maana bila hayo makala haya yatakuwa sifa tupu.

Nilikisoma Mzimu wa Watu wa Kale mara ya kwanza nikiwa Kidato cha Pili. Nakala niliyoipata ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Hadithi ilikatika mahali ambapo mambo yote yamevurugika na muuaji hajatajwa. Mimi na wenzangu wawili tulibishana kwa muda wa majuma matatu. Kila mmoja alikuwa na muuaji wake na ushahidi wake. Kisha mmoja wetu alipata nakala nzima kutoka kwa mjomba wake aliyeko Dar es Salaam. Tuliisoma usiku huohuo kabla ya kengele ya kulala, na sote watatu tulikuwa tumekosea.

Tulicheka sana. Lakini baadaye nilipofikiri niliona jambo moja: kila mmoja wetu alikuwa amemchagua mtu ambaye hakumpenda tangu kurasa za mwanzo, kisha akatafuta ushahidi wa kumfaa. Nililiona jambo hilo, nikaliandika hata katika daftari langu, nikadhani nimekwisha kulijua.

Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Tatu, nilipotelewa na shilingi 12,000. Mama yangu alizipata kwa kuuza nazi, akanipa ziwe nauli na matumizi. Nilifungua sanduku langu siku ya Jumapili, sikuziona. Mara ile ile nilimtaja mtu. Alikuwa mvulana wa Kidato cha Pili, mkimya, kitanda chake karibu na mlango. Anatoka kijiji ambacho watu hukitania kwa uchawi. Tena wengi walikuwa wamemwona akiamka usiku wa manane na kutoka nje peke yake. Ushahidi gani zaidi? Nilisema, na bweni zima likasema nami. Wakubwa wawili walishauri tuchange fedha tukapigiwe ramli. Wadogo wakampa jina, wakamwita "Mzimu". Kwa muda wa siku nne alikula peke yake, na hakuna aliyekubali kukaa naye wakati wa kujisomea.

Siku ya tano habari zilimfikia mwalimu wa zamu. Aliniita mimi, hakumwita yeye. Akaniuliza:

"Kufuli lilivunjwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Bawaba za sanduku je?"

"Nzima, mwalimu."

"Ufunguo anao nani?"

Nikamwonyesha, ulikuwa shingoni mwangu kwa uzi.

"Unauvua ukilala?"

"Siuvui, mwalimu."

"Basi aliyefungua sanduku ni nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Fedha hizo mara ya mwisho ulizishika lini, na ulikuwa na kitu gani mkononi?" Hapo nikakumbuka. Ijumaa jioni nilikuwa nikizihesabu, kengele ikalia, nikazibana katikati ya daftari la Jiografia nikakimbia darasani. Mwisho wa kipindi madaftari yalikusanywa. Tulikwenda pamoja hadi kwenye rundo ambalo lilikuwa halijasahihishwa. Zilikuwemo, zote.

Wasomaji, mimi nilikuwa nimekwisha kuvisoma vitabu vinne vya Bwana Msa. Nilikuwa nikijulikana bwenini kwa jambo hilo. Maswali aliyoniuliza mwalimu hayakuwa magumu. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuyauliza. Lakini hata moja halikunijia, kwa sababu jina nilikuwa nalo tayari.

Jioni ile nilisimama mbele ya bweni nikasema ukweli, nikamwomba radhi. Hakulia wala hakukasirika. Alisema neno moja tu: "Kaka, mbona hukuniuliza?" Kisha tukajua kwamba usiku alikuwa akitoka kusoma Hesabu kwenye taa ya ukumbini, maana alikuwa amepata alama mbaya na hakutaka watu wajue. Siku zote zile lilikuwa linatosha swali moja.

Fedha zangu zilirudi. Jina la "Mzimu" halikuondoka upesi; hata muhula huu nimemsikia mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza akimwita hivyo bila kujua lilikotoka. Ndiyo sababu naandika. Nimempa ayasome makala haya kabla sijampelekea mhariri, naye ameniruhusu, mradi nisitaje jina lake.

6. Namna ya kumsoma Bwana Msa

Kwa hiyo nawashauri wenzangu mambo manne.

Kwanza, chukueni karatasi, igawanyeni safu mbili. Safu moja iandikwe "Yaliyoonekana", na ya pili "Yaliyosemwa". Kila jambo la hadithi litieni mahali pake. Mtastaajabu jinsi safu ya pili inavyokuwa ndefu.

Pili, mkifika katikati ya kitabu, andikeni jina la mtu mnayemdhania, na chini yake andikeni kama mlimpenda au hamkumpenda tangu mwanzo. Hapo mtajipima nafsi zenu zaidi ya kumpima muuaji.

Tatu, mtazameni Najum. Kila anapokosea, ulizeni ni swali gani aliloliruka.

Nne, chukueni elimu hiyo mkaitumie nje ya kitabu. Mathalan, hadithi ya Kua na Kisimani. Ni hadithi ya wazee wetu na haifai kuidharau. Lakini Bwana Msa angeuliza: Ikiwa wote waliokuwamo chumbani walikufa, nani alitoka kusimulia waliyoyasema? Hadithi husimuliwaje Juani, na husimuliwaje Kisimani? Na je, mji wa Kua ulikwisha kwa kisasi hicho? Historia yatwambia kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walikuja na mitumbwi yao wakaushambulia Kua, wakaua watu na kuwachukua wengine utumwani. Hao hawakuwa mizimu. Walikuwa watu, wenye pupa ya watu. Kuuliza hivyo si kuwavunjia wazee heshima. Ni kuwafanyia wale waliokufa haki ya kujua nani aliyewaua.

Maswali ya kujadiliana darasani:

(a) Kwa nini mwandishi hakumfanya Bwana Msa kuwa askari polisi?

(b) Taja faida mbili na hasara moja ya kuwa na mtu kama Najum katika hadithi.

(c) "Mahali panapoogopwa ni mahali pazuri pa kuficha kosa." Eleza kwa mfano kutoka kitabuni na mfano mmoja kutoka maisha ya kawaida.

(d) Kumbuka siku moja uliyomdhania mtu ubaya ikaonekana sivyo. Ni swali gani ungemwuliza kwanza?

Kwa wazazi wetu, naomba neno moja. Mkimwona mtoto ameshika kitabu cha Bwana Msa, msimwambie akiweke. Mwacheni amalize, kisha mwulizeni: "Ulimdhania nani, na kwa nini?" Jibu lake litawaonyesha kama alikuwa akisoma au akila karanga.